Miche ya okidi ya chupa si GMO

Kila Nanenane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, meza yenye chupa za miche haikosi swali hili: "Hii si ndiyo GMO?" Hapana, siyo GMO, yaani kiumbe kilichobadilishwa jeni (vinasaba) maabara. Naomba nilieleze jambo hili kwa kirefu, maana mkanganyiko huu unawafanya watu waikimbie njia hii ya kuotesha miche chupani, ambayo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaihitaji sana, hasa kwa maua ya okidi.

Tuanze na mbegu. Tunda moja la okidi likikomaa humwaga mbegu maelfu kwa maelfu, na kwa baadhi ya aina hupita milioni. Ni laini kama vumbi. Punje ya hindi huingia ardhini na chakula chake. Mbegu ya okidi karibu haina akiba yoyote. Porini huota pale tu inapokutana na kuvu wa udongoni anayeilisha, na nyingi hazimpati. Mfaransa Noël Bernard aliugundua uhusiano huo mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha kuwa mbegu hiyo huota hata bila kuvu, mradi ipewe sukari na madini ndani ya chupa isiyo na vijidudu. Hapo ndipo mambo ya chupa yalipoanzia.

Tunda huchumwa kabla halijapasuka, husafishwa kwa spiriti na dawa ya klorini, kisha hupasuliwa ndani ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa. Chakula kilichomo kwenye chupa ni rojo ya mwani iitwayo aga, yenye madini, vitamini na sukari gramu 20 hadi 30 kwa lita, iliyokwisha kupikwa kwa mvuke wa shinikizo kwenye nyuzi 121. Fundi hupitisha kibanio chake motoni kila mara, na haongei akiwa ameinamia chupa iliyo wazi. Sukari ile inapendwa na kila kijidudu: kikiingia kimoja tu, siku chache baadaye chupa nzima ni ukungu, ya kutupa. Ikisalimika, baada ya wiki kadhaa utaona vidonge vidogo vya kijani juu ya rojo. Hivyo ndivyo viitwavyo protokomu. Kutoka hapo hutokeza jani, kisha mzizi.

Miche ya mbegu hutofautiana kama watoto wa mama mmoja. Mkulima anayetaka ua lilelile lililomvutia mteja hutumia ncha changa ya chipukizi badala ya mbegu. Georges Morel alifanya hivyo kwa okidi za Cymbidium mwaka 1960, na faida yake ni mbili: unapata nakala nyingi, na ncha ikiwa ndogo mno mara nyingi huwa haijafikiwa na virusi vilivyomo kwenye mmea mama.

Katika yote hayo hakuna jeni iliyoongezwa wala kuondolewa. GMO ni kazi nyingine kabisa. Hapo mtaalamu huingiza jeni ya kiumbe kingine, ama kwa kumtumia bakteria wa udongoni aitwaye Agrobacterium, ama kwa kufyatua chembe ndogo za dhahabu zilizopakwa jeni hiyo. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Chiba walitangaza mwaka 2012 okidi ya Phalaenopsis yenye ua la buluu. Jeni ya rangi ilitoka kwa Commelina, jamaa wa yale magugu ya maua ya buluu yanayotusumbua mashambani. Seli zikishapokea jeni hulelewa chupani mpaka ziwe mmea, na nadhani hapa ndipo watu wanapochanganya. GMO hupitia chupani, lakini si kila kilichomo chupani ni GMO. Kwetu kazi ya aina hiyo inaongozwa na kanuni za usalama wa viumbe za mwaka 2009, na haifanywi bila kibali.

Kwa maoni yangu, okidi zetu hazihitaji rangi mpya. Kinachozimaliza ni jembe. Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ina aina zipatazo 45 za okidi, lakini katika nyanda hizi viazi vya okidi za ardhini za Disa, Satyrium na Habenaria vimechimbwa miaka mingi na kuvushwa kwenda Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko. Mmea huwa na kiazi cha zamani na kipya; mchimbaji hutaka kile kipya, ambacho ndicho kingechipua mwaka unaofuata. Okidi zote zinalindwa na mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na hizi za porini hazivuki mpaka bila kibali.

Okidi hizo za ardhini ni ngumu kuzilea, nyingi zinamhitaji kuvu wao hata chupani. Anayetaka biashara ya maua Mbeya, Iringa au Njombe aanze na Cymbidium, kwa sababu baridi yetu ya usiku ndiyo inayoisukuma itoe maua. Phalaenopsis ni ya joto, hapa itakutaka nyumba ya nailoni.

Miche mingi hufa siku za mwanzo nje ya chupa. Osha rojo yote kwenye mizizi kwa maji ya uvuguvugu, maana sukari ikibaki italeta kuvu waozeshaji. Panda kwenye magome na vipande vya mkaa. Udongo wa bustani utaiozesha mizizi. Funika kwa nailoni angavu, kivulini, na uifungue kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Usitoe miche chupani Juni na Julai. Subiri Septemba, baridi ikishapungua. Cymbidium huchukua miaka mitatu hadi minne kufikia ua la kwanza, kwa hiyo kabla ya kulipa muulize muuzaji kama miche ni ya mbegu au ya ncha, la sivyo hutajua ni ua gani unalolisubiri.