Kuwasaidia waasi wa msituni: ni uhaini, au ni kosa jingine?

Mtu akikamatwa akipeleka unga na dawa kwa wapiganaji wa msituni, mitaani huwa keshaitwa mhaini kabla hajafika kortini. Mahakama haina haraka hiyo. Nitatumia zaidi sheria ya Kenya, kwa kuwa mifano yake inajulikana.

Dhana: Dedan Kimathi alinyongwa kwa uhaini

Hapana. Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 kwa kupatikana na bastola na risasi, kinyume cha Kanuni za Hali ya Hatari. Jomo Kenyatta naye, kule Kapenguria mwaka 1953, alifungwa miaka 7 na kazi ngumu kwa kuongoza Mau Mau, chama kilichopigwa marufuku. Mkoloni hakuwa na haja ya uhaini. Kanuni zake zilimwezesha kumnyonga mtu kwa silaha, kwa kulisha kiapo, hata kwa kuandamana tu na wapiganaji, na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika kipindi hicho.

Dhana: Uhaini ni kusaidia jeshi la nchi ya kigeni tu

Kifungu cha 40 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamgusa mtu anayewajibika kuitii Jamhuri ambaye anapigana nayo vita ndani ya Kenya, au anaambatana na maadui zake, au anawasaidia, awe ndani ya nchi au nje. Adhabu ni kifo. Kifungu cha 39 cha Tanzania kinafanana nacho sana, kwa sababu vyote vina asili katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1351.

Wanasheria wa zamani wa Kiingereza walitofautisha mambo mawili. Adui ni mtu wa dola ya kigeni iliyo vitani na yako. Raia mwenzako aliyeshika silaha ni mwasi, si adui, na anayemsaidia anahesabiwa kuwa naye amepigana vita. Kwa hiyo mlango wa uhaini uko wazi hata pasipo dola ya kigeni. Utata unakuja kwa kundi la kigeni lisilo na dola, kama Al-Shabaab la Somalia. Hapo wakili wa utetezi ana mengi ya kubishania.

Dhana: Shambulio likiwa kubwa, shtaka huwa uhaini

Katika shambulio la Al-Shabaab kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, waliuawa watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, waliuawa 148. Kesi zote mbili ziliendeshwa kama kesi za ugaidi. Mwaka 2020 washtakiwa wawili wa Westgate walihukumiwa miaka 33 na 18 kwa makosa yakiwemo kula njama na kulisaidia kundi la kigaidi. Kwangu sababu ni dhahiri: shtaka la ugaidi halimlazimishi mwendesha mashtaka kubishana kuhusu utii, wala kuhusu nani ni "adui".

Marekani nako ni hivyo hivyo. John Walker Lindh, raia aliyekutwa upande wa Taliban mwaka 2001, alikiri makosa mengine na kufungwa miaka 20. Kwa uhaini, Katiba yao inadai mashahidi wawili wa kitendo kile kile, au mtu akiri mahakamani. Adam Gadahn wa Al-Qaeda alishtakiwa kwa uhaini mwaka 2006, lakini aliuawa mwaka 2015 bila kesi kusikilizwa.

Kongo imeshika njia nyingine. Septemba 2025 mahakama kuu ya kijeshi mjini Kinshasa ilimhukumu kifo rais wa zamani Joseph Kabila, bila yeye kuwepo, kwa makosa yakiwemo uhaini, ikimhusisha na M23, kundi la waasi wa mashariki mwa nchi.

Dhana: Ukinyamaza, huna kosa

Kifungu cha 42 cha Kenya kinasema anayejua kwamba mtu anapanga uhaini asitoe taarifa upesi anaweza kufungwa maisha.

Dhana: Nilitishwa, basi nimesalimika

Hili ndilo zito kwa watu wa Mandera na wa kando ya msitu wa Boni, karibu na mpaka wa Somalia. Wenye bunduki wanabisha hodi usiku, wanataka mchele na maji, nani atakataa? Kifungu cha 16 kinakubali utetezi wa kulazimishwa, lakini kwa masharti makali: tishio liwe la kuuawa au kujeruhiwa vibaya papo hapo, na lidumu muda wote kosa linapotendeka. Tishio la madhara ya baadaye halihesabiwi. Sasa, vitisho vingi vya mpakani ni vya "tutarudi". Anayewapa mchele leo kwa kuogopa wiki ijayo, kwa maandishi ya kifungu hicho, bado ana kesi ya kujibu.