Kukazwa kwa gundi ya wanga katika mchanga wa kusubia

Kalibu ya kusubia chuma, yaani umbo ambamo chuma kilichoyeyushwa humiminwa, hufinyangwa kwa mchanga, na mchanga mtupu hausimami bila gundi. Mojawapo ya gundi hizo ni wanga wa mahindi, viazi au muhogo, ambao mara nyingi hubadilishwa kikemikali ili uyeyuke katika maji baridi. Kuikaza gundi hiyo maana yake ni kuyaondoa maji yake mpaka mchanga mbichi, unaobonyea kwa kidole, uwe umbo gumu.

Aliyewahi kuosha sufuria ya uji iliyolala bila kulowekwa anaujua utando ule unaong'ang'ania ukingoni. Katika kalibu, utando kama huo hujengeka pale chembe mbili za mchanga zinapogusana: maji yanapopungua, molekuli za wanga husogeleana, zikashikana kwa viungo vya haidrojeni, yaani mivutano midogo kati ya molekuli, na kubakiza daraja jembamba kati ya chembe na chembe. Kwa sehemu kubwa, basi, ugumu huo hutokana na ukavu.

Katika tanuri, joto huingia kutoka nje, na kwa kuwa mchanga hupitisha joto polepole, uso hukauka huku moyo wa umbo ukiwa bado na unyevunyevu. Fundi akiongeza moto ili auwahi moyo, uso huungua: wanga hugeuka kahawia, minyororo ya molekuli zake hukatika, na ukiukwaruza kwa ukucha chembe humwagika. Kati ya nyuzi 250 na 350 za Selsiasi wanga huvunjika kwa kasi.

Mawimbi ya maikrowevu, ambayo kwa kawaida ni ya gigahezi 2.45, huyatikisa maji yenyewe, ilhali mchanga wa kwatzi huyafyonza mawimbi hayo kidogo sana. Hivyo joto huzaliwa palepale penye unyevu, ndani na nje kwa pamoja, na kazi huchukua dakika chache. Kwa umbo nene naiona njia hii kuwa bora, mradi kisanduku cha kufinyangia kisiwe cha metali, kwa sababu metali huyarudisha mawimbi.

Kwa njia yoyote ile, wanga uliokauka hufyonza tena unyevu wa hewa na kulegea, kwa hiyo kalibu isikawizwe ghalani. Chuma cha nyuzi zipatazo 1,400 kikimiminwa, madaraja yale huungua na mchanga hutoka kwa urahisi. Lakini gesi inayozaliwa hapo lazima iachiwe matundu ya kupitia, la sivyo hubaki ndani ya chuma kama vishimo.