Mhusika bapa sio mhusika kibonge

Juzi tena nimemsikia mtu, na ni mtu anayesoma kweli, anasema Samwell Tarly wa Game of Thrones ni mhusika bapa kwa sababu "yule ni kibonge wa kuchekesha tu." Sijui hii ni mara ya ngapi. Akitajwa mnene yeyote wa hizi fantasia ndefu za falme na majoka na panga, hukumu ni hiyo hiyo, na ukiuliza bapa ni nini unaambiwa ni mhusika mdogo, msaidizi, asiye na umuhimu. Hapana jamani, hili neno tunalionea, na hao watu tunawaonea pia.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Bapa ni mhusika aliyejengwa kwa wazo moja au sifa moja, ukishamjua ukurasa wa kwanza umemjua mpaka mwisho. Duara ana pande nyingi, ana migongano ndani yake, ni kama mtu unayeishi naye. Hayo mnayajua toka sekondari, pamoja na bapa-sugu asiyebadilika kabisa, na bapa-kielelezo ambaye jina lake ndiyo sifa yake, na yule shinda aliyewekwa katikati ya bapa na duara.

Ila mgawanyo huu una mwenyewe. Ni E. M. Forster, mwandishi wa Uingereza, alitoa mihadhara kuhusu riwaya pale Cambridge mwaka 1927 na mwaka huo huo ikatoka kama kitabu. Kipimo chake hakikuwa "anabadilika au habadiliki" kama tunavyokariri kwa ajili ya mtihani. Yeye aliuliza, je, huyu mhusika anaweza kukushangaza, na ukishashangaa ukakubali moyoni kwamba ndiyo, huyu kweli angefanya hivi? Asiyekushangaza hata siku moja ni bapa, na anayekushangaza lakini humwamini ni bapa anayejifanya duara. Hapo hakuna habari ya umuhimu wa mhusika wala ya kiuno chake. Na Forster hakuwadharau bapa, alikiri kwamba wahusika wa Charles Dickens, mwandishi wa riwaya, karibu wote ni bapa na bado wanaonekana wazima.

Kuna kitu Forster alikitaja kwa haraka akapita, mimi naona ndipo kiini kilipo. Alisema bapa wana ndugu zao wa karne ya 17, wahusika waliojengwa kwa "hyuma", na hyuma hapo sio kichekesho, ni majimaji ya mwilini. Ulaya ya zamani waliamini mwili una majimaji manne, damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na yakizidi haya au yale ndiyo yanakupa tabia yako. Ben Jonson aliandika tamthilia nzima juu ya msingi huo, ikachezwa London mwaka 1598. Na elimu hii sio ya Ulaya peke yake, ilitoka kwa Wagiriki ikapita kwenye tiba ya Kiarabu, ndiyo maana na sisi tuna balghamu kwa maana ya kohozi, na tuna safura, ambayo kwa Kiarabu asili yake ni ile nyongo ya njano. Sasa sikiliza mwenye balghamu nyingi alivyoelezwa: mnene, mzito, mvivu, mpenda usingizi. Yani mwili unakutolea siri, mtu akikutazama tu ameshakusoma. Kwa hiyo anayemwona mnene kwenye riwaya akasema "bapa" hajakosea bure, anarudia imani ambayo ina umri mkubwa kuliko riwaya zenyewe.

Mfano wa bapa wa kweli ni Bombur wa The Hobbit, kitabu cha Tolkien cha mwaka 1937. Vibete wako kumi na tatu, huyu ndiye mnene. Kule msituni anatumbukia kwenye kijito chenye uchawi analala siku kadhaa, wenzake wanambeba huku wana njaa, anaamka anasimulia kwamba alikuwa anaota karamu. Miaka inapita, kwenye The Lord of the Rings, kitabu cha Tolkien kilichofuata, mhusika mkuu Frodo anauliza habari zake, anajibiwa kwamba siku hizi hawezi kutoka kwenye kochi kwenda kwenye kiti cha mezani, anabebwa na vijana sita. Kwisha, ndiyo habari yote. Huyo ni bapa, lakini sio kwa sababu ya kilo zake. Ni bapa kwa sababu kila anapotajwa, ni kama mwandishi hana kingine cha kusema juu yake ila hizo kilo.

Na neno letu la Kiswahili linaeleza jambo hili vizuri sana kama tukilisikiliza. Bapa ni ule upande mpana wa panga au kisu. Mtu akipigwa bapa la panga ameumia ndiyo, ila hajakatwa. Makali yapo, mpini upo, mgongo wa panga upo, ila wewe umegeuziwa upande mmoja tu. Bapa sio aina ya mtu, bapa ni upande ambao mwandishi ameamua kukugeuzia. Kwenye duara ndipo tumejichanganya kidogo, maana duara ukiichora kwenye karatasi bado ni bapa! Forster alikuwa anafikiria kitu cha mviringo kama chungwa, kitu unachoweza kukizunguka kikawa na upande wa nyuma. Kwa hesabu za shule hilo ni tufe. Sidai tubadilishe istilahi leo, imeshakaa, ila ukisikia "duara" fikiria chungwa.

Haya, mrudi kwa Samwell na mmzunguke. Baba yake amemlazimisha kwenda kuvaa nyeusi Ukutani, yani kujiunga na walinzi wa ukuta wa kaskazini, kwa sababu ni mnene na muoga na anapenda vitabu. Kwenye kitabu cha tatu cha mfululizo wa George R. R. Martin uliozaa Game of Thrones, cha mwaka 2000, jeshi la walinzi hao limevunjika, yuko kwenye theluji analia, miguu imegoma, anaomba aachwe afe, na mwenzake mmoja mwenye nguvu anamnyanyua anambeba. Amebebwa kama Bombur. Halafu kinatokea kiumbe cha barafu, wale wanaoitwa White Walker kwenye tamthilia ya televisheni, kinamuua aliyembeba, na Samwell anajisukuma mbele, kama anaanguka vile, amefumba macho, ameshika kisu cha jiwe jeusi la volkano kwa mikono miwili. Kiumbe kinayeyuka. Ushujaa gani huo wa kufumba macho? Ni wa kwake huyo, na unauamini kwa sababu ndivyo muoga anavyoweza kuwa shujaa. Baadaye wenzake wanamwita Sam Muuaji, yeye anadhani wanamcheka. Bado anajiita muoga, bado mnene. Kwa kipimo cha kukariri ungesema habadiliki. Kwa kipimo cha Forster ameshakushangaza, na kitabu hakijaisha kabla hajawadanganya wazee wawili wanaogombea uongozi, huyu kivyake na yule kivyake, mpaka rafiki yake anachaguliwa.

Kuna na Wyman Manderly kwenye kitabu cha tano cha mfululizo huo huo, 2011, ambaye maadui wanamwita bwana mnene asiyeweza kupanda farasi. Yeye anawaacha waone hivyo hivyo, mlafi, mwoga, anacheka nao mezani, na chini chini anapanga kisasi cha mwanawe waliyemuua. Huyu anajua kabisa kwamba watu wanamsoma kama bapa, na amejificha humo ndani.

Anayeniuma zaidi lakini ni Fatty Bolger, rafiki wa Frodo kwenye The Lord of the Rings, na wengi hawamjui kwa sababu kisa chake hakimo kwenye filamu. Fatty maana yake Kibonge, jina ni sifa, bapa-kielelezo kamili. Na tusisahau kwamba Tolkien anasema wazi mahobiti, watu wafupi wa kina Frodo, kwa kawaida wana vitambi, ni filamu iliyomfanya Samwise, mwenzake Frodo safarini, awe mnene kuliko wenzake. Fatty hapendi safari, anabaki nyumbani, watu wanaishia hapo. Ila alibaki kufanya nini? Alibaki avae nguo kuukuu za Frodo ili ionekane Frodo bado yupo, wenzake wapate muda. Wapanda Farasi Weusi, wale waliokuwa wanamsaka Frodo, walipofika mlangoni usiku alitoka mlango wa nyuma akakimbia zaidi ya maili moja mpaka nyumba ya jirani, tarumbeta ya hatari ikapigwa, na ilikuwa haijasikika miaka mia. Mwishoni kabisa, nchi yao ikiwa imetekwa, tunaambiwa alikuwa akiongoza kundi la waasi milimani mpaka alipokamatwa, anatolewa jela amekonda hawezi kutembea. Tolkien hakutuonyesha hiyo vita, ametupa sentensi moja, na hapo nina malalamiko naye, maana Kibonge akiwa kibonge tunamwona, akiwa kiongozi tunasimuliwa. Lakini hata kwa sentensi hiyo moja panga limegeuzwa. Ukimwita mhusika mdogo nitakubali, ni mdogo kweli, kurasa zake zinahesabika. Bapa, hapana. Na pale anapotolewa kwenye shimo la jela, kitabu chenyewe kinasema sio Fatty tena, na rafiki yake Pippin anamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, Fredegar.