Maana ya kuendesha mashine ya dramu kwa sikwensa ya nje

Mashine ya dramu huja imekamilika: ina sauti za ngoma, ina kumbukumbu ya kuhifadhi paterni (mpangilio wa mapigo unaojirudia), na ina saa ya ndani inayohesabu mwendo. Kuiendesha kwa sikwensa ya nje, yaani kifaa kinachohifadhi mfuatano wa noti na kuutuma, ni kuiondolea baadhi ya kazi hizo na kuzikabidhi kwa kifaa kingine, huku vifaa hivyo viwili vikiwasiliana kwa MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki vimekuwa vikiitumia tangu 1983. Sikwensa yenyewe si lazima iwe na sauti. Mwaka 1987 kampuni ya Alesis ilitoa vifaa viwili vinavyoonyesha jambo hili vizuri: MMT-8, sikwensa isiyo na sauti hata moja, na HR-16, mashine ya dramu. Ya kwanza inaamuru, ya pili inalia.

Waya wa MIDI haupitishi muziki, unapitisha maagizo tu. Sauti bado inatoka kwenye mashine ya dramu kwenda kwenye miksa kwa waya wake mwingine, na ukisahau kuuchomeka huo utatafuta kosa kwenye MIDI usilipate.

Neno "kuendesha" hapa lina maana mbili, na matatizo mengi huzaliwa pale mtu asipojua anatumia ipi. Ya kwanza ni kuendesha kwa noti: paterni imo ndani ya sikwensa, na kila pigo linaagizwa peke yake. Ya pili ni kuendesha kwa saa: paterni imebaki ndani ya mashine ya dramu, sikwensa inaipa mwendo tu, pamoja na wakati wa kuanza na kusimama.

Tuanze na noti. Sikwensa ikitaka kiki (ngoma kubwa ya mguu) ilie kwenye chaneli ya 10 (chaneli ni namba inayotenganisha vifaa kwenye waya mmoja), inatuma namba tatu: 153, 36, 100. Namba 153 inasema "piga noti, chaneli ya 10" (chaneli ya 1 ni 144, ukiongeza 9 unafika hapo). Namba 36 ndiyo noti yenyewe. Namba 100 ni nguvu ya pigo, kuanzia 1 hadi 127. Nguvu ikiwa 0, mashine inaielewa amri ile kama "achia noti", kwa hiyo hatua (nafasi moja ya paterni) iliyowekwa 0 inaonekana kwenye skrini lakini haisikiki. Urefu wa noti, kwa upande mwingine, usikusumbue: mashine nyingi za dramu zikishapiga huiacha sauti iishe yenyewe.

Mpangilio wa noti unaofuatwa na mashine nyingi ni ule wa General MIDI, orodha ya pamoja ya sauti na namba zake, wa mwaka 1991: 36 ni kiki, 38 snea, 39 makofi, 42 haihati iliyofungwa, 46 haihati iliyofunguliwa, 49 tuazi la kishindo. Chaneli ya 10 kwa dramu pia imo kwenye mpangilio huo. Hata hivyo mashine za kabla ya hapo, na baadhi ya za baadaye, zina mpangilio wao. Tena fuata namba, usifuate herufi. Noti 36 hiyohiyo huitwa C1 na kampuni moja na C2 na nyingine, kwa sababu hazikukubaliana noti 60 iwe C3 au C4. Mtu anasoma C1 kwenye mwongozo, anaandika C1 kwenye sikwensa yake, kisha inalia sauti asiyoitarajia au hakuna kinacholia kabisa.

Kama mwongozo umepotea, chomeka waya kutoka MIDI Out ya mashine ya dramu kwenda MIDI In ya sikwensa, weka sikwensa kwenye kurekodi, piga kila pedi mara moja, kisha soma namba zilizoingia. Andika orodha kwenye karatasi. Kwenye mashine nyingi namba inayotoka kwenye pedi ndiyo ileile inayoisikiliza. Ukimaliza, chomoa waya huo. Sababu yake iko mbele.

Njia ya saa haina chaneli wala noti. Sikwensa inatuma namba 248 mara 24 kwa kila robo-noti, basi. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika hiyo ni mara 48 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 20.83. Hakuna mahali inapotajwa "120". Mashine ya dramu inajua mwendo kwa kupima nafasi kati ya tiki na tiki, yaani kati ya 248 moja na inayofuata. Namba 250 ni kuanza mwanzo wa paterni, 252 ni kusimama, 251 ni kuendelea ulipoishia. Ili isikilize hayo yote, mashine lazima iwekwe kwenye saa ya nje, kwa kawaida EXT au MIDI kwenye menyu. Ikishawekwa hivyo kisha sikwensa ikazimwa, mashine huonekana kama imekufa: unabonyeza kitufe cha kuanza haianzi, unazungusha kitasa cha mwendo hakifanyi kitu. Haijaharibika, inasubiri tiki.

Kwa sababu saa haijui kipimo cha muziki, urefu wa paterni unabaki juu yako. Chukua chakacha ya Pwani, inayokwenda kwa 6/8. Kipimo kimoja cha 6/8 kina tiki 72. Kipimo cha 4/4 kina tiki 96. Ukiacha paterni ya mashine kwenye hatua 16 za kawaida huku sikwensa ikipiga besi ya 6/8, vifaa viwili vitakwenda mwendo mmoja kabisa na bado vitaachana mara tu kipimo cha kwanza kinapoisha, vikutane tena kwenye tiki ya 288, yaani baada ya vipimo vinne vya chakacha. Masikioni inafanana na hitilafu ya saa. Dawa ni kufupisha paterni ya mashine iwe hatua 12 za moja ya kumi na sita.

Mimi ningemshauri anayejifunza aanze na noti. Kila kitu kinakuwa mahali pamoja, na ukitaka snea ichelewe kidogo au haihati iyumbe unafanya hivyo kwenye sikwensa tu. Kwa saa, myumbo (swing, yaani kuchelewesha kidogo kila noti ya pili) uliowekwa ndani ya mashine ya dramu hausogezi noti za besi zilizo kwenye sikwensa, kwa hiyo lazima uweke kiasi kilekile pande zote mbili, na asilimia 58 ya kifaa kimoja huenda isiwe 58 ya kingine.

Uunganishaji wenyewe ni mwepesi: MIDI Out ya sikwensa kwenda MIDI In ya mashine. Linganisha chaneli pande zote mbili. Ukichagua noti, rudisha mashine ya dramu kwenye saa ya ndani, au zima utumaji wa saa na wa amri ya kuanza kwenye sikwensa. Usipofanya hivyo, unabonyeza kuanza na mashine inapiga noti zako pamoja na paterni yake ya zamani iliyokuwa imebaki kwenye kumbukumbu. Unasikia kiki mbili, au haihati nene isiyoeleweka imetoka wapi.

Mapigo maradufu yana chanzo kingine, nacho ni ule waya wa kurudi. Mashine ikituma kila inachopiga kwenda sikwensa, na sikwensa ikiwa imewashwa kurudisha kinachoingia, noti moja inazunguka. Sauti inakuwa nyembamba kama imepitia bomba, au vifaa vinaganda.

Kimya kabisa mara nyingi ni suala la tundu. Waya wa kawaida wa MIDI una pini 5, lakini zinazofanya kazi ni ya 4, ya 5 na ya 2. Tundu la Sync la Roland TR-808 ya mwaka 1980 lina umbo hilohilo la pini 5, ila si MIDI. Linapokea mapigo ya saa ya umeme na halielewi noti. Vifaa vidogo vinavyotumia jeki ya milimita 3.5 viko vya aina A na aina B, na pini ya 4 na ya 5 zimebadilishana nafasi kati yao. Aina A ndiyo iliyokubaliwa kuwa kiwango mwaka 2018, lakini vifaa vya aina B bado vipo vingi. Adapta isiyolingana haileti madhara, haipitishi chochote tu. Na vifaa viwili vya USB haviwezi kuunganishwa moja kwa moja isipokuwa kimoja kiwe na uwezo wa kuongoza USB (host).

Limebaki suala la msongamano. MIDI inakwenda biti 31,250 kwa sekunde, na inatuma kitu kimoja kimoja kwa foleni. Amri moja ya noti huchukua karibu milisekunde 1. Kiki, haihati, tuazi, besi na kodi (noti nne zinazolia pamoja) kwenye pigo la kwanza ni amri nane, hivyo ya mwisho inaweza kufika karibu milisekunde 7 nyuma ya ya kwanza. Kwa kinanda chenye sauti laini hutasikia. Kwa kiki utasikia. Sikwensa nyingi hutuma treki ya 1 kabla ya ya 2, kwa hiyo weka dramu kwenye treki ya 1. Kama sikwensa yako ina MIDI Out mbili, ipe mashine ya dramu moja peke yake.