Je, wajua? Anayelowa mkojo kila saa huenda kibofu chake kimejaa

Ami yangu wa Kibokoni, mzee wa miaka sabini na kitu, alianza kulowa. Kikoi alichovaa asubuhi hakikufika adhuhuri kikavu, godoro likatandikwa nailoni, na msikitini akaacha kwenda kwa kuihofia tohara yake, yaani usafi wa kuswalia. Sote nyumbani, nami nikiwa wa mbele, tukasema mkojo umemzidi. Tukampunguzia maji, hata kahawa ya jioni tukamnyima. Tulikosea, na kosa lenyewe ni la nyumba nyingi.

Kulowa si kukojoa. Mtu akikojoa, kibofu hujikaza na mlango wake hulegea, mkojo ukatoka kwa mkondo na kibofu kikabaki karibu kitupu. Ami hakuwa akikojoa, alikuwa akifurika.

Chukua mtungi wa lita 20, uweke chini ya bomba linalotoa maji membamba, uuache. Ukijaa, maji humwagika. Apitaye huona sakafu imelowa, akadhani mtungi unavuja na maji yanakwisha. Kumbe kimwagikacho ni ziada tu: tone likiingia, jingine hutoka, na mtungi umejaa vilevile. Figo ndizo bomba, nazo hazifungwi usiku wala mchana. Sisi tulipomnyima maji tulipunguza kasi ya bomba, mtungi hatukuumwaga.

Kwa wanaume wazee kizuizi mara nyingi ni tezi dume, ambayo imeuzunguka mrija wa mkojo na ikikua huubana. Kibofu hushindana nayo kwa muda mrefu, mwisho misuli yake huwa kama mpira wa kiunoni uliovutwa mno: upo, lakini haurudi. Wengine huletewa na kisukari kilichoharibu neva, choo kigumu, au baadhi ya dawa za mafua. Kwa kuwa kibofu hujaa polepole, mara nyingi hakiumi. Ukiachwa, mkojo huweza kurudisha shinikizo hadi kwenye figo.

Tulipompeleka kutibiwa, nesi aliyempokea hakuanza na nepi. “Mzee, ukikojoa mkondo una nguvu, au ni wa kudondoka? Ukimaliza, wahisi umemaliza?” Kisha akalaza kidole cha kati chini ya kitovu, akakigonga kwa kidole cha mkono mwingine, akishuka polepole. Juu palilia kama debe tupu. Chini, du, du, kama pipa lenye maji. Njia hii hukamata kibofu kilichojaa sana, ila mkojo ukiwa kidogo au tumbo likiwa nene huponyoka, kwa hiyo altrasaundi hutegemewa zaidi. Tena si kila alowaye amefurika: mama anayetokwa na mkojo akikohoa au kupiga chafya mara nyingi tatizo lake ni misuli ya nyonga.

Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba kama mililita 400 hadi 600. Nesi alipotia mpira wa kutolea mkojo, mfuko wa kuukusanyia ulipita alama ya lita 1, naye akaketi kando akipima presha na kutazama kama mkojo unageuka mwekundu. Zamani wengi walifundishwa kuubana mpira na kutoa kidogo kidogo. Tafiti zilizolinganisha njia hiyo na ya kuuacha mkojo utoke wote kwa mara moja hazijaonyesha kwamba kubanabana kuna faida.

Ami alirudi Kibokoni na mpira wake, mfuko umefungwa pajani ndani ya kikoi kikavu, na daftari la kuandika anachokunywa na kinachotoka. Jioni hiyo akamiminiwa kahawa.