Gesi ya Baharini: Mmiliki Ni Nani, na Mgawo Ni wa Nani?

Kila tunapotoa elimu ya mapato ya maliasili huku Nyanda za Juu Kusini, iwe Tukuyu, Makambako au Mafinga, swali la kwanza huwa lilelile: gesi iko Mtwara na Lindi, sisi inatuhusu nini?

Inatuhusu kisheria. Mafuta na gesi, yawe chini ya ardhi au chini ya bahari, ni mali ya wananchi wote, na serikali inayasimamia kwa niaba yao. Mkazi wa Rungwe ana haki sawa na mkazi wa Msimbati, kijiji cha Mtwara kwenye gesi. Lakini umiliki ni jambo moja, mgawo wa fedha ni jingine, na mabishano mengi huanzia pale mambo haya mawili yanapochanganywa.

Lori la magogo linapotoka kijijini Mufindi hupita kwenye geti la ushuru, na kila mtu anajua mzigo umetoka wapi. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalishwa kibiashara mwaka 2004, bado ina geti la namna hiyo: iko Kilwa, na halmashauri ya Kilwa imekuwa ikipata ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Bahari kuu haina geti. Visima vya Kitalu namba 2, moja ya maeneo ya kutafuta gesi baharini, viko kama kilomita 100 kutoka pwani ya Lindi, kwenye maji yenye kina cha hadi mita 2,500 hivi. Mpaka wa halmashauri gani unafika huko? Ndiyo maana watu wa Lindi wanaufuatilia kwa karibu mradi wa kiwanda cha kusindika gesi kilichopangwa kujengwa Likong'o. Hicho kitakuwa nchi kavu, ndani ya eneo lao.

Nigeria ililipitia swali hili kwa machungu. Katiba yao ya 1999 inataka angalau asilimia 13 ya mapato ya maliasili irudi kwenye jimbo yalikotoka. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba jimbo la pwani linaishia pale maji yanapokupwa, kwa hiyo mafuta ya baharini hayakutoka kwenye jimbo lolote. Majimbo ya pwani yakajikuta yamepoteza fedha nyingi. Mwaka 2004 ikatungwa sheria iliyoyarudishia haki ya mgawo hadi kwenye kina cha mita 200. Kanada nayo: mwaka 1984 mahakama iliipa serikali kuu haki ya mafuta ya Hibernia, yaliyo chini ya bahari, lakini mwaka uliofuata pande mbili zikakubaliana kwamba jimbo la Newfoundland linufaike kana kwamba mafuta yale yako nchi kavu. Jirani zetu Kenya, kwa sheria ya 2019, wameandika wazi kwamba katika fungu la serikali, asilimia 20 ni ya kaunti na 5 ni ya jamii ya eneo husika.

Kwetu, mafuta na gesi ni jambo la Muungano, ila Sheria ya Petroli ya 2015 iliiachia Zanzibar isimamie ya kwake, na Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria yake mwaka 2016. Kwa mikoa ya Bara hali ni tofauti. Mapato huingia kwenye Mfuko wa Mafuta na Gesi, sehemu hutumika na sehemu huwekwa akiba, kisha mikoa yote hufikiwa kupitia bajeti. Mkoa wenye gesi haukutengewa asilimia yake.

Mimi naona hilo ni pengo. Mtwara, Mei 2013, watu walipoteza maisha katika vurugu za kupinga bomba la kwenda Dar es Salaam. Simwungi mkono anayesema gesi ni ya Mtwara peke yake. Umeme wake unaendesha mashine za mbao Mafinga. Lakini anayebeba vumbi, kelele na kupanda kwa kodi za nyumba anastahili fungu lililoandikwa kwenye sheria, hata likiwa dogo, badala ya kungoja hisani ya bajeti ya kila mwaka.

Na wa Mbeya wasidhani hili ni la pwani tu. Kyela imewahi kuingizwa kwenye maeneo ya kutafuta mafuta, na ng'ambo ya Ziwa Nyasa Malawi nayo iliwahi kutoa leseni za utafutaji huku mpaka wa ziwani ukiwa bado na mgogoro. Siku mafuta yakipatikana chini ya maji yale, halmashauri ya Kyela ndiyo itakayouliza mpaka wake unaishia wapi. Kanuni ya mgawo iandikwe sasa, kabla hakijachimbwa kisima hata kimoja.