Sukari inashuka, na kisukari huna

Wengi wanaokuja kliniki wakisema "daktari, sukari yangu inashuka" hawajawahi kupimwa wakati inaposhuka. Walitetemeka, jasho likawatoka, wakanywa soda, wakapata nafuu. Kwangu hiyo haitoshi. Kwa mtu asiyetumia dawa za kisukari nataka mambo matatu yakutane: dalili, kipimo cha chini ya 3.0 mmol/L wakati huohuo wa dalili, na nafuu sukari inapopanda. Kanuni hii tumeirithi kwa daktari wa upasuaji wa Marekani, Allen Whipple, tangu miaka ya 1930.

Kipimo chenyewe nacho hudanganya. Vijiti vya mashine ya kidole vikikaa kwenye joto huharibika. Damu ya maabara ikitiwa kwenye chupa ya kawaida na kuachwa mezani ikingoja bodaboda wa kuipeleka mjini, chembe zake zinaendelea kula sukari. Majibu yanarudi 2.8, na mgonjwa yupo kwenye benchi anapiga stori. Chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye floraidi, ipo kwa ajili hiyo.

Ikithibitika, ninaanza na pombe. Ini huhifadhi sukari, lakini ukikaa muda mrefu bila kula akiba hiyo huisha, na ini hulazimika kutengeneza nyingine. Pombe huizuia kazi hiyo ya pili. Basi mtu aliyeshinda kilabuni tangu jana bila kutia kitu tumboni anakutwa asubuhi hajitambui, ananuka gongo, na watu wanasema mwacheni alale, pombe zitamtoka. Huyo apelekwe hospitali apimwe sukari saa hiyohiyo. Ubongo hauna akiba ya maana ya sukari, na akicheleweshwa unaweza kuharibika moja kwa moja.

Kwa watoto na wajawazito naitazama malaria kali. Sukari chini ya 2.2 mmol/L ni mojawapo ya alama za ukali wake. Mtoto hali chakula, vimelea vinatumia sukari, ini limezidiwa. Tulipokuwa tukitegemea dripu ya kwinini tatizo lilizidi, kwa sababu kwinini huchochea kongosho kumwaga insulini, homoni inayoshusha sukari. Sindano ya atesuneti imetupunguzia shida hiyo.

Maambukizi makali ya damu, ini au figo zilizofeli, na upungufu wa homoni ya kotisoli, ambao TB ikishambulia tezi zilizo juu ya figo inaweza kuuleta, navyo hushusha sukari. Waliofanyiwa upasuaji wa tumbo ili kupunguza uzito hushukiwa na sukari saa moja hadi tatu baada ya kula. Uvimbe wa kongosho unaotoa insulini ovyo ndio watu huusoma mtandaoni na kukosa usingizi, ilhali ni nadra sana. Tunautafuta kwa kumkalisha mgonjwa wodini bila kula, hadi saa 72, huku tukimpima.

Halafu kuna dawa ambazo mtu hajui kama anazimeza. Bibi anachukua vidonge vya kisukari vya babu akidhani ni vya presha. Mwaka 2008 huko Singapore wanaume walilazwa, baadhi wakafa, baada ya kumeza vidonge vya nguvu za kiume vilivyochanganywa na glibenklamidi, dawa ya kisukari. Kwa hiyo nikikuuliza unatumia nini, usiniambie "situmii dawa". Niletee hata kile kichupa cha mitishamba ulichonunua stendi.